Jibu: Dashibodi inajiakisi kwenye video, je, filta ya polaraiza inasaidia?

Ndugu, huo weupe unaofunika nusu ya video yako mchana si ubovu wa kamera yako ya kurekodi safari garini. Ni dashibodi inajiakisi kwenye kioo cha mbele, na filta ya polaraiza, yaani kioo cha kuchuja mwanga kinachovalishwa mbele ya lenzi, inasaidia kweli. Mwanga ulioakisiwa na kioo kwa mshazari, hasa pembe ikikaribia nyuzi 56, hutikisika zaidi katika mwelekeo mmoja. Filta huuzuia huo. Ule wa barabarani hupita, ingawa nao hupungua.

Kosa la wengi ni kuivalisha tu na kuondoka. Lazima uizungushe! Egesha juani, angalia picha kwenye skrini, zungusha polepole mpaka dashibodi ififie, kisha weka alama kwa kalamu, maana mitikisiko ya safari huihamisha.

Usiku mimi huitoa. Inakula nusu ya mwanga au zaidi, na namba za magari yanayopita zinabaki ukungu mtupu. Makali ya taa za wanaokuja mbele haiyatibu. Mara nyingi chanzo chake ni kioo cha mbele kuwa kichafu kwa ndani, kifute.

Halafu, kabla hujanunua, jaribu kwanza kutandika kitambaa cheusi kisichong'aa juu ya dashibodi.