Kabla Hujafungua Pampu ya Vakyumu, Shika Bomba la Maji Yake

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja anayenisoma hapa. Aliandika hivi: "Shikamoo fundi. Pampu yetu ya vakyumu asubuhi inavuta vizuri, ikifika saa 8 mchana inalegea na kupiga kelele kama ina kokoto ndani. Msimamizi amesema impela imekwisha, Jumamosi niifungue. Hii ndiyo kazi ya kwanza kukabidhiwa peke yangu. Nisaidie."

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara 3, nikaiweka simu kando, nikaichukua tena. Maneno hayo hayo, impela imekwisha, niliwahi kuyatamka mimi mbele ya zamu nzima, na yalinikosesha cheo. Usiku ule nilikujibu kwa mstari mmoja tu: pima joto la maji, ya kuingia na ya kutoka, asubuhi na saa 8. Leo nakujibu kwa kirefu, na wenzako wanaotamani siku moja kuitwa mafundi wakuu nao wasome.

Pampu ya vakyumu ni ya kunyonya hewa mtamboni, na tunayoizungumzia ni ile ya pete ya maji. Ganda lake ni la mviringo, na impela, yaani gurudumu la mapanga linalozunguka ndani yake, haikukaa katikati, imesogezwa upande mmoja. Ikizunguka, maji yanatupwa nje na kushikana na ukuta wa ganda, yanakuwa pete. Upande mmoja pete inayakimbia mapanga, nafasi kati ya panga na panga inapanuka, hewa inavutwa. Upande wa pili pete inarudi kwenye kitovu, nafasi inabanwa, hewa inasukumwa nje pamoja na maji kiasi. Pampu za namna hii zina zaidi ya miaka 100 viwandani, na sababu ni kwamba chuma kinachozunguka ni kimoja tu. Pistoni yake ni maji. Mimi hilo nililijua tangu chuoni, nilikuwa naweza kulichora ukutani huku nimefumba macho. Kulijua kwenyewe hakukunisaidia.

Nilikuwa na miaka 6 kazini. Fundi mkuu wetu alikuwa anakaribia kustaafu, na kila mtu karakana alijua kiti kile ni changu au cha mwenzangu mmoja. Tulikuwa na mtambo wa kukolezea maji ya matunda. Kazi yake ni kuchemsha kwa joto dogo, ili ladha isiungue. Pampu ya vakyumu inashusha shinikizo hadi milibari (kipimo cha shinikizo) 100 hivi, ukihesabu kuanzia sifuri kamili, wakati hewa ya kawaida usawa wa bahari ni 1,013. Kwa shinikizo hilo maji yanachemka kwenye nyuzi 46. Wageni wakija nilipenda kuwaonyesha kwenye kioo cha mtambo: angalieni yanavyotokota, na bado si ya moto kama chai.

Kisha pampu ikaanza kulegea mchana. Asubuhi geji inasoma 95, tunafurahi. Saa 8 inasoma 130, mchemko wa mtambo unafifia, na pampu inatoa ule mlio. Aliyewahi kuusikia hausahau: mtu anamimina kokoto ndani ya pipa la chuma, bila kukoma. Msimamizi aliniuliza tatizo ni nini. Nilijibu hapo hapo, kwa sauti, watu wakisikia: "Impela imekwisha." Sikuwa nimepima chochote. Nilitaka nionekane ninajua.

Tuliifungua usiku wa Ijumaa. Nilipolitoa bamba la pembeni nikamulika kwa tochi, niliona kile nilichotaka kukiona. Mapanga yalikuwa yameliwa karibu na kitovu, kama ubao uliopitiwa na mchwa. Nilipitisha kidole. Kama ni mchanga ulioisugua impela, chuma huwa laini, kimelambwa. Hiki kilikuwa na vishimo vidogo vimebanana, kingo zake kali, kidole kikakwaruzika. Chuma kilikuwa kinanieleza habari yake yote waziwazi, nami nikasema, "Mnaona? Imekwisha," nikaagiza impela mpya.

Siku ya kuiwasha ilikuwa asubuhi. Geji ikashuka hadi 92. Watu walinipiga mgongoni. Nilikwenda kula kifua mbele. Saa 8 na robo kokoto zikarudi.

Nilisimama mbele ya ile pampu sina la kusema. Akapita mzee mmoja wa upande wa boila, mtu wa maneno machache. Akaweka kiganja kwenye bomba dogo linaloleta maji ya pampu, akakiondoa upesi. Akaniambia, "Mwanangu, hebu shika hapa." Nikashika. Maji ya kuingia yalikuwa ya moto. Tulipopima tukapata nyuzi 41. Ya kutoka, 47.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mita 10 kutoka niliposimama kulikuwa na mtambo unaochemsha maji kwa nyuzi 46, mtambo niliokuwa nawaonyesha wageni, na haikunijia akilini kwamba maji ndani ya pampu yangu yanafuata sheria ile ile. Maji ya nyuzi 47 yanatoa mvuke wenye shinikizo la milibari 106 hivi. Basi huwezi kuyatumia kuvuta hadi 100. Yatachemka mle mle ndani ya pampu na kuijaza mvuke wake yenyewe. Vipovu vya mvuke vikifika upande wa kubanwa vinasinyaa ghafla na maji yanakipiga chuma kwa nguvu. Hiyo ndiyo kokoto unayoisikia, na ndiyo iliyochimba vile vishimo. Mafundi wanaiita kavitesheni. Impela mpya ilikuwa imeanza kuliwa siku yake ya kwanza.

Kosa lilikuwa kwenye kipoza maji. Maji ya pampu yetu yalikuwa yanazunguka: yanatoka na hewa, yanatenganishwa kwenye tangi, yanapita kwenye kipoza, yanarudi. Sahani za kipoza, upande wa maji ya mnara wa kupozea, zilikuwa zimeshika ukoko wa chokaa na utelezi wa kijani. Asubuhi hali ya hewa ikiwa ya baridi kipoza kilimudu. Jua likipanda kilishindwa. Usiku ule ule nilikifungua, nikakisugua, nikakifunga, na kesho yake saa 8 geji ilisoma 96.

Mngedhani nilishukuriwa. Jumatatu kulikuwa na kikao. Mhandisi aliyekuwa juu yetu alisimama, akauliza mbele ya vijana niliowafundisha mimi kushika spana ni nani aliyeidhinisha impela ya bei ile kwa ajili ya maji machafu. Nilieleza habari ya kipoza. Akasema kipoza ni safi, ameshakiona. Kweli kilikuwa safi, nilikisafisha mimi. Sikuwa na andiko wala kipimo cha tarehe yoyote, nilikuwa na mdomo tu. Miezi 2 baadaye kiti kile akapewa mwenzangu. Miaka imepita na nimepata vyeo vingine kwingine, lakini sitasema haiumi. Inauma. Yule mhandisi alikuwa na haki ya kuniuliza. Hakuwa na haki ya kuniuliza vile.

Tangu hapo sijafungua pampu ya vakyumu kabla ya kushika bomba la maji yake, na hakuna kijana wangu aliyeifungua kabla ya kuniletea joto la maji limeandikwa. Nawaambia na ninyi mnaonisoma: acheni pupa ya spana. Fundi anayekimbilia kufungua anajificha. Kufungua kunaonekana ni kazi, watu wanakuona umelowa grisi; kusimama na kipimajoto kunaonekana ni uvivu. Simama hivyo hivyo. Watengenezaji wengi huandika uwezo wa pampu wakichukulia maji ya nyuzi 15, ambayo mvuke wake una milibari 17 tu. Yakifika 30 ni 42, yakifika 40 ni 74. Ziandike namba hizo ndani ya jalada la daftari lako. Geji yako ikisoma karibu na namba ya mvuke wa maji yako, pampu haina kosa, inafika mwisho wa uwezo wa maji uliyoipa.

Baada ya joto, kiasi. Maji machache, pete inakuwa nyembamba, hewa inarudi nyuma, vakyumu inalegea na mota inakula ampia ndogo kuliko kawaida. Maji mengi mno, ampia zinapanda. Ampia hupanda pia bomba la kutolea likiwa limeziba au limepandishwa juu sana, kwa sababu pampu inabeba safu ya maji mgongoni. Baada ya kiasi, usafi. Maji ya chokaa yanaacha ukoko ndani ya ganda, na ukoko una hila: mwanzoni unaziba nafasi na pampu inaweza hata kuvuta vizuri zaidi, kisha siku moja unaizima, na asubuhi shafti haizunguki. Ukiizungusha kwa mkono ikakataa, usiilazimishe kwa mota. Ioshe kwa dawa ya kuondoa chokaa inayokubalika na chuma chake, suuza vizuri, ndipo ujaribu tena. Unaona nazunguka pale pale: joto la maji, kiasi cha maji, usafi wa maji. Sina jipya zaidi ya hilo.

Maji yakiwa sawa na bado haivuti, tenganisha pampu na mfumo. Funga valvu ya kuvutia, geji iwe kati ya valvu na pampu, soma kwa muda mfupi tu kwa sababu kuiacha imefungwa hivyo nako kunaleta kavitesheni, kisha fungua. Kama imevuta vizuri, pampu ni nzima na hewa inaingia mahali fulani kwenye mabomba: gasketi, flenji, mpini wa valvu. Kama haikuvuta, sasa ndiyo una haki ya kuishuku impela.

Kuhusu kufunga pampu mpya nitasema kwa haraka, maana vitabu vyake vinaeleza. Kitako kikae sawa, mguu usioshika chini uwekewe bati jembamba kabla ya kukaza bolti. Pima mstari wa kapling, kiungo cha shafti ya mota na ya pampu, kisha pima tena baada ya kuunga mabomba, kwa sababu bomba lililovutwa kwa nguvu likutane na flenji litaivuta pampu kila siku ya maisha yake na beringi ndizo zitakazolipa. Jaribu upande wa mzunguko kabla ya kuunga kapling. Weka kichujio cha muda kwenye bomba la kuvutia, maana vipande vya welding havikosi, na ukumbuke kukitoa. Weka valvu isiyorudisha, ili pampu ikizimika maji yasinyonywe kurudi mtamboni.

Lakini hili la kuwasha na kuzima nisilipite, limevunja shafti nyingi. Usiwashe kavu hata kwa sekunde chache. Sili ya shafti, kizuizi cha maji yasivuje, inaungua. Usiwashe imejaa pia. Maji yasizidi usawa wa katikati ya shafti, yakizidi ni kama kuyaamuru mapanga yapige ukuta. Na ukizima mota, funga na maji. Maji yakiachwa wazi yanalijaza ganda usiku kucha, na anayekuja zamu ya asubuhi anabonyeza kitufe bila kujua. Nimeona kapling imekatika hivyo, na lawama akapewa aliyebonyeza. Haikuwa haki. Kama pampu yenu inatumia pakingi, kamba zinazokazwa kuzunguka shafti, badala ya sili, iache idondoshe matone. Anayekaza mpaka pakavu anaikata shafti.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu. Jana jioni umeniletea vipimo. Asubuhi maji ya kuingia nyuzi 26. Saa 8, kuingia 39, kutoka 45. Geji inagoma kwenye 110. Mvuke wa maji ya nyuzi 45 ni milibari 96. Ukiniuliza mimi, unajua tayari.

Mwendee msimamizi wako kesho, wawili tu, usimwendee mbele ya watu. Usimwambie amekosea. Mwonyeshe karatasi, umwombe Jumamosi ile ile itumike kufungua kipoza kwanza, pampu ibaki akiba. Vishimo kwenye impela pengine vimeshaanza, na utavikuta siku utakapoifungua, lakini haviwezi kuwa vimeifanya iwe nzima asubuhi na mgonjwa mchana. Wakati unasubiri, fungua kidogo valvu ya kuingiza hewa upande wa kuvutia mpaka ule mlio wa kokoto upungue. Vakyumu italegea kidogo, ila impela itapona kuliwa.

Jumamosi utakapozitenganisha sahani za kipoza, kabla ya kumwagia maji hata tone, toa simu upige picha ya kila sahani, na ile karatasi ya vipimo iwe pembeni yake kwenye picha. Mimi niliziosha kwanza.