Usizisugue sarafu za babu, shida yake ni unyevu

Mkuu mleta uzi, nimeona picha za kopo la marehemu babu yako: zile sarafu ndogo za shaba za Mjerumani ziitwazo pesa, rupia mbili za fedha, heller (senti za Mjerumani) zenye tundu na shilingi za mkoloni Mwingereza zenye simba. Umeuliza uzisugue na nini zing'ae kabla hujamwonesha mnunuzi, na wadau hapo juu wameshakujibu ndimu na chumvi. Nakuomba sana usifanye hivyo.

Mimi nilifanya. Bibi mzaa mama aliniachia rupia ya 1890 aliyoifunga miaka yote kwenye pindo la kanga. Ilikuwa nyeusi. Nikaisugua kwa ndimu na majivu, dakika kumi tu, ikatoka nyeupe kama kijiko cha dukani. Kisha nikaiangalia kwa lenzi. Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, kwenye rupia ile amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Manyoya ya yule tai yalikuwa yamesagika, na shavu la Kaiser limejaa mikwaruzo. Ule weusi ni utando unaojitengeneza madini ya fedha yanapokutana na salfa iliyomo hewani, na wakusanyaji wanaupenda. Ukiusugua, unaondoka na ngozi ya sarafu. Ninayo mpaka leo, na kila nikiishika roho inaniuma.

Chumvi kwenye shaba ndiyo balaa kubwa zaidi. Inaingia kwenye vijitundu vya shaba, na hewa ikiwa na unyevu inaanza kuila kutokea ndani. Utaona vidoa vya kijani cheupe, vya unga. Ukivipangusa leo, baada ya siku chache vimerudi. Kijani cheusi, kigumu, kilichoshikana na sarafu, kiache kama kilivyo. Chenye unga ndicho cha kutibu: iloweke sarafu kwenye maji yasiyo na chumvi, ubadilishe kila siku kwa wiki kadhaa, halafu ikauke kabisa. Visima vingi hapa Dar vina chumvi, na maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo nenda duka la spea ukanunue maji ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu pembeni yake huwa kuna asidi ya betri, na hiyo itakula sarafu na vidole vyako.

Baada ya rupia nikajifanya mwangalifu, nikanunua albamu ya mifuko laini ya plastiki Kariakoo. Masika mawili hayajapita, nikaifungua nikakuta pesa yangu ya 1890 imeshika uteute wa kijani, unanata kama gundi ya embe. Upande wenye maandishi ya Kiarabu na mwaka 1307 wa Hijria ulikuwa hausomeki. Plastiki ile ni aina inayoitwa PVC. Kwenye joto letu inachuja mafuta na asidi. Uteute ulitoka kwa asetoni safi, kwenye bakuli la kioo, nje barazani, mbali na moto, bila kusugua. Usitumie ya kuondolea rangi ya kucha, ile ina mafuta na manukato. Lakini chini ya uteute shaba ilikuwa imeshachimbika, na hapo hakuna dawa.

Sasa natumia vifuko vidogo vya duka la dawa, vile vya kuwekea vidonge, sarafu moja kifuko kimoja, ndani ya kopo la chakula lenye mfuniko unaobana. Humo natia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishashiba unyevu, namimina chembe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, kisha narudisha. Droo ya mbao, gazeti na mpira wa kufungia noti vyote vinatoa gesi zinazochafua madini. Chumba chenye kiyoyozi ni kizuri, ila ukitoa sarafu nje ghafla inatoka jasho, kwa hiyo iache kwanza kifukoni ipate joto.

Zishike kingo tu, juu ya taulo lililokunjwa, maana sakafu ya vigae haisamehe.

Shilingi zako za simba, angalia mwaka. Za 1921 hadi 1946 robo yake ni madini ya fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Rupia ziweke kwenye mizani ya sonara ujue kama ni halali: rupia moja ni gramu 11.66.

Halafu ile sarafu ya manjano kwenye picha yako, nene, yenye herufi ndogo T na mwaka 1916. Kama ni halali, ni heller 20 ya Tabora, iliyopigwa kwenye karakana ya reli wakati vita vimefunga njia ya sarafu kutoka Ujerumani. Ukorofi wa maandishi yake ndivyo ilivyozaliwa, usijaribu kuunyoosha. Ipige picha pande zote mbili mchana, bila flashi, uiweke hapa kabla hujaigusa tena.