Maswali ya Wasomaji: Mafaili saba, lipi ndilo sahihi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma. Nimewahoji wakulima 180 wa mtama katika wilaya za Bahi na Chamwino, na majibu yao nimeyaingiza kwenye Excel. Sasa nina mafaili saba, moja linaitwa "data mpya" na jingine "data ya mwisho kabisa 2", wala sijui lipi ni sahihi. Mwezi uliopita flashi yangu iliingia virusi, nusura nipoteze yote. Aidha, mwenzangu anaomba nimpe data hizo azitumie katika utafiti wake. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, anza na madodoso ya karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Yape namba, na namba hizo ziwe safu wima ya kwanza ya jedwali lako, kisha linganisha mafaili yote saba na karatasi hizo hadi upate moja linalokubaliana nazo. Hilo liite ghafi, lifunge lisomwe tu, na usilihariri tena; marekebisho yote yafanyike kwenye nakala yenye tarehe katika jina lake, mathalani mtama_2024-04-03. Mwaka utangulie, kwa sababu 3/4/2024 kwetu ni Aprili 3, lakini kompyuta iliyopangwa Kimarekani huisoma kuwa Machi 4.

Kazi ambayo wanafunzi wengi huiruka, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote, ni kuandika kamusi ya data, yaani faili fupi linaloeleza kila safu ina nini. Chukua safu ya "mavuno" iliyoandikwa 12: je, ni madebe, magunia, au magunia ya lumbesa? Leo unakumbuka, lakini mwakani, ukiwa mbele ya mtahini, hutakumbuka. Sifuri nayo ina utata wake, kwani katika mwaka wa ukame huku kwetu mkulima anaweza kweli kuvuna sifuri, ilhali aliyekataa kujibu si sawa na aliyekosa mavuno. Mpe asiyejibu alama yake, na uieleze ndani ya kamusi hiyo.

Kuhusu flashi, hiyo ni ya kubebea tu. Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na chumba unacholala, kwa mfano kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo chuo chako kinairuhusu.

Mwenzako asipewe jedwali kama lilivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu wakulima wako pia. Ondoa majina na namba za simu, na orodha inayounganisha majina na namba za madodoso uifungie mahali pengine. Hata hivyo hilo pekee halitoshi: kama katika kijiji kizima kuna mjane mmoja tu mwenye ekari 50, jina la kijiji na ukubwa wa shamba vinatosha kumtambulisha, hivyo kijiji kiondolewe, ibaki wilaya. Lakini kabla ya yote hayo isome tena fomu ya ridhaa waliyotia saini wakulima. Ikiwa uliwaahidi kwamba majibu yao ni kwa ajili ya tasnifu yako pekee, mwenzako itabidi aende Bahi mwenyewe.