Kwa mnaoanza redio: chungeni ile kompyuta ya pembeni

Wadogo zangu mnaoingia redioni, swali mnaloniuliza kila siku ni namna ya kupata sauti nzuri hewani. Sauti itakuja yenyewe. Mimi nawaambia habari ya ile kompyuta kuukuu iliyo pembeni mwa studio, isiyoguswa na mtu, inayorekodi kila tunachosema.

Miaka ya nyuma niliendesha kipindi cha Kiswahili cha jioni, cha kupiga simu, katika kituo kimoja cha mpakani, hapa Uganda. Mada ilikuwa ng'ombe wanaoingia mashambani. Mpigaji wa tatu alianza kwa adabu, akasalimu, akalilia muhogo wake ulioliwa, mara akageukia kabila zima la wafugaji na kulitukana matusi nisiyoweza kuyaandika. Nikashikwa na butwaa. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua la kufanya, ndipo nikamkata na kuomba radhi. Siku nne baadaye wazee wa jamii ile wakaja na barua: mtangazaji alifurahia matusi. Nikakimbilia rekodi wasikie nilivyomkata. Hakuna. Diski ilikuwa imejaa tangu wiki iliyopita. Mashine inawaka taa ya kijani, hairekodi chochote.

Tuliomba radhi hewani jioni tatu mfululizo, wazee wakaridhika. Shauri lile lingefika Bugolobi, Kampala, yaliko makao makuu ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC), inayotoa leseni za redio, ningejitetea kwa maneno matupu.

Leseni ile iliyotundikwa ukutani ina masharti. Sheria ya Mawasiliano ya 2013, iliyoingiza kazi za lile Baraza la Utangazaji la zamani ndani ya tume, ina jedwali la viwango vya chini vya utangazaji: usichochee ubaguzi wa kikabila, usipotoshe habari, usizue vurugu, wagombea wapewe nafasi sawa. Ni fupi, lisomeni lote. Kuna mahali panataja maadili ya umma, na neno hilo lina tumbo kubwa; anayelipima si wewe. Septemba 2009, wakati wa ghasia za Buganda, redio nne zilizimwa, na CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilikaa kimya zaidi ya mwaka. Aprili 2019 tume iliviagiza vituo 13 visimamishe wafanyakazi 39, wakiwemo watayarishaji na wakuu wa habari. Agizo liliwalenga watu kama ninyi. Mwenye kituo ana wakili wake. Ninyi mna daftari na rekodi.

Halafu kuna simu. Kipindi kinaendelea, mkubwa fulani wa wilaya anapiga: "Mtoe huyo mgeni sasa hivi!" Mjibu kwa heshima, mwite mheshimiwa, kisha umwombe aandike barua kwa meneja. Leseni haitolewi na ofisi ya RDC, yule mwakilishi wa rais wilayani, wala hainyang'anywi nayo. Andika daftarini saa, jina na maneno yake yalivyo. Wengi wao barua hawaleti. Akikutisha kwa kosa la kutangaza habari za uongo, kumbuka kifungu hicho cha Kanuni ya Adhabu kilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 2004. Ila usimwambie hivyo kwenye simu; kiburi hakijawahi kuokoa kipindi.

Mtandaoni wengi mnajidanganya kwamba ni uwanja huru. Tume ilianza kudai usajili wa wachapishaji wa mtandaoni mwaka 2018, ikarudia kwa tangazo la 2020 lililoweka mwisho kuwa tarehe 5 Oktoba. Kwa hiyo kabla hamjarusha kipindi YouTube, muulizeni meneja kibali cha mtandaoni kiko wapi, mkione kwa macho. Mwandishi naye ana karatasi yake, cheti kinachotajwa na Sheria ya Vyombo vya Habari na Waandishi ya 1995. Ubishi juu ya cheti hicho ni mrefu, siuingii leo.

Nikiingia zamu, kabla ya chai, nafungua faili la saa iliyopita na kusikiliza nusu dakika. Si kutazama taa. Nasikiliza, naangalia diski imebaki na nafasi kiasi gani, natia sahihi daftarini. Rekodi zetu tunazitunza siku 60, na nakala ya vipindi vya simu inakaa kwenye diski nyingine, kabatini, ufunguo anao mlinzi kwa sababu meneja hupoteza.