Jina limekubaliwa, jinsia imekataliwa

SWALI: Wakili, nina umri wa miaka 29. Niliandikishwa kuwa mwanamume nilipozaliwa, ila kwa miaka mingi nimeishi kama mwanamke, na jina langu jipya limekwisha kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nilipoomba kitambulisho kipya, afisa alikubali jina lakini akakataa katakata kugusa sehemu ya jinsia. Jamaa mmoja amejitolea kunitafutia hati ya kiapo isemayo kwamba karani alikosea tangu mwanzo. Je, niikubali? Na ile kesi ya Audrey Mbugua, aliyekuwa katika hali kama yangu, haiwezi kunisaidia?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Kiapo hicho usikitie sahihi. Kosa la karani ni pale alipoandika kinyume cha alichoelezwa, jambo ambalo kwako halikutokea. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na karatasi hiyo itakuumbua siku utakaposimama mbele ya jaji kueleza habari zako za kweli. Vivyo hivyo, akitokea wa kukushauri ujiandikishe kuwa huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsia zote mbili, ilhali hukuzaliwa hivyo, mkatalie.

Kuhusu jina huna deni. Kanuni zinataka utie sahihi hati ya kuliacha jina la zamani, raia anayekufahamu aape kwamba ndiwe, hati isajiliwe, kisha itangazwe. Kwa kuwa kanuni hizo hazigawi majina kuwa ya kiume na ya kike, afisa hakuwa na sababu ya kukukatalia jina.

Jinsia ndiyo yenye uzito, kwa sababu Bunge la Kenya halijatunga sheria inayoeleza hatua atakazofuata mtu mzima aliye katika hali yako. Kesi unayoitaja iliamuliwa mwaka 2014, Jaji Weldon Korir alipoliamuru Baraza la Mitihani la Kitaifa kumpa Audrey Mbugua cheti kipya cha kidato cha nne, chenye jina lake jipya na kisichoonyesha jinsia. Wengi huitaja kana kwamba ilifungua milango yote, lakini sehemu ya hoja iliyoibeba ni kwamba hapakuwa na sheria iliyolazimu cheti cha mtihani kuonyesha jinsia. Kitambulisho ni jambo jingine: Sheria ya Usajili wa Watu, katika kifungu cha 5, inaitaja jinsia miongoni mwa maelezo yanayowekwa katika daftari la usajili. Kwa hiyo uamuzi ule utakufaa kwa vyeti vya shule, lakini kwa kitambulisho utahitaji hoja zaidi, hasa za utu na usawa ambazo Katiba inazilinda.

Ushauri wangu ni kwamba uchukue sasa kitambulisho chenye jina jipya, maana benki na mwajiri huanza kwa kuulizia jina. Kisha andika barua ya kuomba jinsia irekebishwe, uambatanishe ripoti ya daktari ikiwa unayo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na ni vigumu kupeleka mahakamani kauli ya mdomo iliyotolewa dirishani, isiyo na tarehe wala sahihi. Ukishaipata barua yao, mwone wakili wa kesi za kikatiba, na umwombe aiombe Mahakama Kuu ikuruhusu kutajwa kwa herufi za mwanzo za jina lako pekee.