Barua kwa mwanangu: kemia isiyoshika chupa

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza: ukiacha kazi ya maabara uende kusoma uzamili wa kemia ya nadharia na kompyuta, yaani kukokotoa tabia za molekuli badala ya kuzipima kwenye chupa, utakuwa bado mkemia, au mtu wa kompyuta tu? Halafu mwishoni ukasema, kama jambo dogo, kwamba huku kwetu kemikali ni ghali na kompyuta ina nafuu.

Hilo la mwishoni ndilo lililoninyima usingizi. Nimekuwa fundi sanifu wa maabara ya shule miaka 29. Naujua uchungu wa kungoja chupa ya asidi muhula mzima, hadi watoto wanaingia mtihani wa vitendo hawajawahi kuishika bureti. Lakini usiende kwenye kompyuta kwa kukimbia rafu tupu, mwanangu. Huko nako kuna njaa yake: njaa ya nguvu za kompyuta na muda.

Chukua hekojenini, ile inayopatikana kwenye maji ya mkonge, ambayo viwanda vya dawa huigeuza kuwa dawa za jamii ya kotisoni. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893, na hadi leo nyuzi tunazouza ni kama asilimia 4 tu ya jani. Molekuli moja ya hekojenini ina kaboni 27, hidrojeni 42 na oksijeni 4, jumla atomu 73. Ukiikokotoa kwa njia ya msongamano wa elektroni, inayotazama elektroni zimesongamana wapi badala ya kufuata moja moja, ile aliyoiasisi Walter Kohn na wenzake mwaka 1964 na 1965, kisha ukaenda kwenye molekuli kubwa mara mbili, kazi ya kompyuta inazidi kama mara 8. Ukitaka usahihi zaidi ukatumia njia inayoitwa CCSD(T), inazidi kama mara 128. Hesabu ya siku moja inakuwa ya miezi minne, na wewe unajua umeme wetu.

Sababu ni elektroni. Mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza elektroni zinavyokaa ndani ya atomu na molekuli, tunao tangu 1926. Hidrojeni yenye elektroni moja unaitatua kwa kalamu na karatasi. Ukifika heliamu, yenye elektroni mbili tu, jibu kamili halipatikani tena, kwani zinasukumana na kila moja hujipanga kwa kumtazama mwenzake. Toka hapo ni kukadiria. Mkemia wa nadharia ni yule anayejua kadirio lake limekosea wapi na kwa kiasi gani. Asiyejua hilo anabonyeza kitufe tu, na programu humpa namba hata pale ambapo swali lake halina maana. Huyo ndiye mtu wa kompyuta unayeogopa kuwa.

Kuhusu jina la mkemia, usijisumbue. Mwaka 1998 tuzo ya Nobel ya kemia walipewa Kohn, mwanafizikia, na John Pople, aliyesomea hisabati, kwa kazi hii ya kukokotoa molekuli. Mwaka 2013 wakapewa Karplus, Levitt na Warshel kwa kazi ya aina hiyo hiyo.

Ninachotaka ujiulize ni hesabu. Nakumbuka ulivyonipigia mwaka wa pili ukilia kwa sababu ya matriki, yale majedwali ya namba. Sasa matriki ndizo zitakuwa chakula chako asubuhi na jioni. Kabla hujatuma maombi popote, jipe miezi sita: aljebra ya matriki, kalkulasi, lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, na kuzoea mfumo endeshi wa Linux. Ukiona moyo unachangamka, nenda. Ukiona unajilazimisha, baki kwenye maabara. Maabara nayo inahitaji watu.

Njia zipo. Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, wapo waliofanya kazi za namna hii. Kuna shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, ASESMA, iliyoanza 2010 na hufanyika kama kila baada ya miaka miwili. Ombea hiyo kwanza, utawaona wenzako. Na kuna uzamili wa miaka miwili unaoratibiwa na Universidad Autónoma de Madrid, wenye kumpitisha mwanafunzi vyuo vya nchi zaidi ya moja. Popote utakapokwenda, ulizia msimamizi kabla ya kuulizia jina la chuo. Waandikie wanafunzi wake, uwaulize huwa anasoma rasimu zao baada ya muda gani.

Kompyuta ya marehemu babako bado inawaka, na fundi ameiwekea betri ya kushika robo saa umeme ukikatika. Ukija Idi, ipakie Psi4, programu ya kukokotoa molekuli, ni ya bure. Tuanze na maji. Pembe kati ya hidrojeni zake mbili imeshapimwa, nyuzi 104.5. Nitakaa kando yako nione hesabu yako inatoa ngapi, kisha unieleze kwa nini hazikulingana.

Mamako