Theluji mgongoni mwa poni, karoti mfukoni mwa mwenzako

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa Tanga, mwaka wa 12 sasa naishi kusini mwa Uingereza. Kila Jumamosi najitolea kukagua mifugo kwenye hifadhi ya asili iliyo karibu na kwetu: ng'ombe 14 wa Highland na poni (farasi wadogo) 9 wa Exmoor, wote wanakaa nje mwaka mzima. Juzi theluji ilianguka, nikawakuta poni wana theluji mgongoni kama waliomwagiwa unga, hawana banda wala blanketi. Wapita njia wananifokea kana kwamba mimi ndiye niliyewanyima. Mwenzangu wa zamu anawaonea huruma, huja na mfuko wa karoti na mkate. Poni mmoja hakuja kwenye karoti, alibaki amesimama peke yake kando ya kichaka. Nikauliza kwenye grupu letu la WhatsApp, mmoja akasema ni tumbo hilo, nimpe kitunguu saumu na siki ya tufaha. Je, ni vibaya kuwalisha kipindi hiki cha baridi? Na yule mmoja nimfanyeje?

JIBU: Dada yangu, natumaini siku ile ile ulimpigia simu mwenye mifugo. Kama hukupiga, acha kusoma, piga sasa, halafu urudi tuendelee. Swali la karoti linaweza kungoja. Poni aliyejitenga na wenzake hangoji.

Farasi na jamaa zake wameumbwa wakiwa wa kuwindwa. Uingereza haina mbwa mwitu kwa karne kadhaa sasa, lakini damu yao haijapewa habari hiyo, na mgonjwa hujitahidi asionekane mgonjwa. Ukimkuta mmoja yuko kando, usimwendee. Simama mbali, toa darubini kama unayo, mtazame dakika kumi kwa saa ya mkononi, si kwa kukisia. Anakula chochote? Masikio yanageuka akisikia sauti, au yamelegea tu? Hesabu ubavu unavyopanda na kushuka: farasi mzima aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Je, anageuka kutazama tumbo lake, anaparua ardhi, analala, anainuka, analala tena? Hilo ni tumbo kweli, na ni simu ya haraka. Amenyoosha miguu ya mbele na kuegemea nyuma kama mtu aliyekanyaga kaa la moto? Hizo ni kwato. Akikojoa na mkojo ukawa mweusi kama kahawa, hizo dakika kumi usizimalize: kuna aina ya mti huku, sycamore, ambao mbegu zake za vuli na miche yake ya masika huharibu misuli ya farasi, na anayeugua hivyo hana muda mrefu.

Tazama pia nyuma yake kama kuna kinyesi kipya. Farasi mzima hutoa kinyesi mara nane au zaidi kwa siku, hivyo mahali aliposimama tangu asubuhi pakiwa pasafi, nina wasiwasi.

Huenda alikuwa jike mzee anayetaka utulivu wake tu. Inawezekana. Lakini mwenye kulijua hilo ni mwenye mifugo, si wewe, na wala si mimi niliyesoma barua. Piga simu, usitume ujumbe, maana ujumbe husomwa jioni. Sema saa uliyomwona, mahali hasa, na alichokuwa akifanya. Piga picha ya ubavu mzima, kwa sababu poni wa Exmoor wamefanana mno: wote rangi ya kahawia, wote pua na macho yamezungukwa na weupe kama wametoka kunusa gunia la unga. Ukisema "yule wa kahawia" hujasema kitu.

Sasa karoti.

Kila baridi napata barua hii, na kila mara anayeandika ni mtu mwema. Ndiyo maana inanichosha. Mtu mbaya ningemjibu kwa mstari mmoja.

Hebu anza na ile theluji. Uliiona mgongoni, na haikuwa imeyeyuka. Mwili wa poni una joto la nyuzi 38 hivi. Joto hilo lingekuwa linavuja, theluji ingegeuka maji papo hapo na maji yangemfikia kwenye ngozi. Imekaa pale kwa sababu chini yake kuna manyoya ya tabaka mbili: ya ndani mafupi, laini, yamebanana, ya nje marefu, yana mafuta, yanamwaga maji. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua paa la makuti lililoezekwa vizuri: juu mvua inapiga, ndani mtu anakunywa chai. Poni mwenye theluji mgongoni ni nyumba isiyovuja. Ukimtupia blanketi unayalaza manyoya yale na kuibana hewa iliyokuwa inamkinga, yaani unaezua paa ili umpe mwavuli. Ng'ombe wa Highland naye ni hivyo hivyo, manyoya marefu juu, manyoya laini chini.

Ninachoogopa mimi ni mvua. Mvua ya baridi, siku tatu mfululizo, na upepo. Siku hiyo ndiyo nataka uangalie nani anatetemeka, nani manyoya yamelowa mpaka ngozini, na kama wamepata kichaka au bonde la kujikinga. Lakini siku hiyo hakuna wa kukufokea, kwa sababu wapita njia wamebaki nyumbani kwao.

Na jiko lao liko tumboni. Yale majani magumu na vichaka vya miiba unavyowaona wakitafuna huchachishwa na vijidudu ndani ya utumbo mkubwa wa poni, na kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe, na uchachishaji huo unatoa joto. Kula majani magumu kutwa nzima ndiko kuota moto kwao. Karoti ni maji na sukari.

"Lakini wanakonda, daktari." Ndiyo, wanakonda, na kiasi fulani wanatakiwa wakonde. Poni wa aina hii huingia baridi akiwa mnene na kutoka masika akiwa amepungua. Mwili wake umepangwa hivyo. Ukimlisha vitamu mpaka afike mwezi wa nne angali mnene, halafu zije nyasi changa za masika zilizojaa sukari, unamtengenezea laminaitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato ambao humwacha mnyama amesimama kwa kuegemea nyuma kama nilivyokueleza. Nimewahi kumlaza poni wa namna hiyo kwa sindano ya mwisho huku mama mmoja akilia pembeni na kusema yeye alimpa tufaha mbili tu kwa siku. Tufaha mbili, na njia ile hupitwa na watu wangapi?

Kukonda kupita kiasi kupo, sisemi hakupo. Ila hutakuona kwa kutazama tumbo. Tumbo kubwa ni la majani, na manyoya ya baridi huficha mbavu kama kanzu inavyoficha mwili. Nenda nyuma yake, mbali na mateke, utazame makalio na uti wa mgongo. Makalio ya mviringo, hana shida. Mfupa wa nyonga ukichomoza na pande za uti zikawa zimebonyea, andika, umwambie mwenye mifugo. Atakayeamua wapelekewe majani makavu ni yeye na daktari wake, kwa kipimo.

Mkate ni hatari zaidi. Ng'ombe akila wanga mwingi kwa mkupuo, vijidudu vya tumboni hutengeneza asidi, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kuwa chini. Farasi naye hana uwezo wa kutapika, kilichoingia kimeingia.

Kisa kimoja kimenikaa. Hifadhi ndogo, mwezi wa sita, naitwa alfajiri. Poni jike anagaagaa, jasho limemlowesha. Hatua chache kutoka kwake, ndani ya uzio, kuna rundo la nyasi zilizokatwa kwa mashine ya bustani, jirani kazimwaga juu ya uzio jana yake. Niliingiza mkono kwenye rundo: moto, kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na harufu ya pombe. Nyasi zile zilikuwa zimeanza kuchacha kabla hazijaliwa, zikamalizia kuchacha tumboni. Saa nne asubuhi tulikuwa hatuna naye. Jirani alikuja na vikombe vya chai, akatuuliza kama wale wengine wamezipenda nyasi zake. Sikuweza kumjibu.

Huyo wa kitunguu saumu na siki, naomba usinipe namba yake. Kitunguu saumu kwa wingi huvunja chembe nyekundu za damu ya farasi. Siki kwa poni anayeumwa tumbo haitibu lolote, inakula muda tu, na kwa tumbo la farasi muda ndiyo dawa yenyewe. Kuna watu kwenye magrupu haya hawajawahi kusimama nyuma ya farasi, lakini wana jibu kabla hujamaliza kuuliza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1966 ya madaktari wa mifugo haimruhusu asiye daktari kupima ugonjwa na kutibu mnyama wa mtu. Na sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inamtwika mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Kwa hiyo wewe unaona na kusema, mwenye mifugo anaamua, daktari anatibu. Mshauri wa WhatsApp sijamwona kwenye sheria hizo zote mbili.

Utaniambia: lakini karoti ndizo zilizonionyesha kwamba yule mmoja haji. Kweli, mara hii. Je, wale wanane waliokuja mbio, uliwakagua? Poni anayeona mfuko hukimbia hata kwato ikimuuma. Uchechemeaji mdogo humwoni. Aliyekuwa amelala huinuka. Aliyekuwa hali, anakula. Ukifika malishoni na mfuko, mifugo yote inaacha ilichokuwa ikifanya na kukutazama wewe, na kazi yako ilikuwa kuona walichokuwa wakifanya. Mwenzako anaharibu ukaguzi wenu kwa mikono yake miwili, halafu mnarudi kwenye daftari mnaandika "9, wazima".

Mimi nimekulia Mpwapwa. Baba yangu mdogo hakuwa akihesabu ng'ombe. Jioni alisimama mlangoni pa zizi, mkono kwenye mti wa mlango, wakaingia. Mara anasema, "Yule mweusi wa paji leo kapita wa mwisho." Kesho yake mweusi wa paji ana homa. Alikuwa anajua mpangilio wao, nani hutangulia, nani husukuma, nani hunywa kwanza. Ng'ombe aliyelala kifuani anacheua, hana neno. Ng'ombe aliyelala ubavu, au ambaye ubavu wake wa kushoto umevimba kama ngoma, ni simu ya sasa hivi. Siku hizi kuna hifadhi zinawavika ng'ombe kola za GPS, na kuna watu wa kujitolea wameanza kukagua wakiwa kwenye kochi. Kola itakuambia yuko wapi. Haitakuambia kwamba haangalii mbele.

Huko New Forest, msitu wa kusini mwa Uingereza ambako maelfu ya poni hutembea mpaka barabarani, Julai 2023 ilianza amri ya kumtoza faini ya pauni 100 anayewalisha poni na hata anayewapapasa.  Wanaolalamikia amri hiyo hawajasimama barabarani usiku na poni aliyezoea kwamba magari huleta biskuti.

Na nisiwe mwongo: kuna wakati wapita njia wanakuwa na haki. Kwenye hifadhi ya Oostvaardersplassen, Uholanzi, waliachia ng'ombe na farasi wa Konik miaka ya 1980, baadaye na kulungu wekundu, ndani ya uzio, bila wa kuwawinda, wakaongezeka mpaka nyasi zikashindwa. Baridi ya 2017 kuamkia 2018 walikufa zaidi ya 3,000, wengi wao kwa kupigwa risasi wasife kwa njaa. Watu walirusha majani makavu juu ya uzio, na mwishowe serikali ya mkoa wenyewe ikaamua wanyama walishwe. Lakini kosa la pale lilikuwa idadi ya mifugo kwa ardhi iliyopo. Likarekebishwa kwa kupunguza idadi. Hakuna karoti iliyopunguza idadi. Ukiona kwenu nyasi zimekwisha na makalio yamebonyea kwa kundi zima, peleka hoja hiyo kwa maandishi, na picha, kwa wenye hifadhi, nitakusaidia kuiandika.

Jumamosi ijayo fika bila mfuko. Wapuuze kwanza, ukae kimya mpaka wakusahau, ndipo uanze kuangalia. Muulize mwenye mifugo umri wa yule jike au dume aliyejitenga, na kama hiyo ni tabia yake. Mwenzako naye mwambie zile karoti azirudishe nyumbani apike supu. Kwenye theluji ile, waliokuwa wanahitaji kitu cha moto ni nyinyi wawili.